Ombi la Kurudishiwa Umbali Wetu

Fundi Mapazia,
Chumba cha chini, mkabala na duka la dawa,
Mtaa wa nyuma ya posta.

Kwa Mkurugenzi wa Safari za Mbali,
Shirika la Ndege,
Makao Makuu.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUPUNGUA KWA UMBALI KATI YA MJI WETU NA MJI WA DADA YANGU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kiti kinachozunguka, na chai yako haijapoa. Sisi huku hatujambo, kwa kiasi ambacho barua yenyewe itaeleza.

Mimi ni fundi wa mapazia. Nashona ya nyumba, ya ofisi, na mara moja nilishona ya ukumbi wa mikutano, ambayo mpaka leo hayakutani vizuri katikati, lakini hilo ni kosa la ukuta. Naishi nyuma ya karakana yangu pamoja na mke wangu, binti zetu wawili, na mama yangu mzazi. Mimi si mtu wa malalamiko. Mke wangu anaweza kukwambia vingine, ila yeye siye anayeandika.

Nina dada mmoja tu, mkubwa wangu, muuguzi mstaafu. Alikwenda kufanya kazi katika mji ule wa mbali akiwa bado msichana, akaolewa huko, akazeeka huko, na mwaka juzi shemeji yangu akazikwa huko. Hawakujaliwa mtoto. Sisi nyumbani humwita Mkaguzi akiwa hayupo. Akiwepo tunamwita Dada.

Kutoka kwetu mpaka kwake, kwa mujibu wa gazeti lenu la ndani ya ndege, ni kilomita elfu tisa na kitu. Mimi sina ugomvi na kilomita hizo. Nilizikuta, nimekua nazo, na kwa miaka mingi zilitutumikia vizuri kabisa. Ugomvi wangu ni kwamba ninyi mmezichukua bila kutuuliza.

Mwaka jana mlianzisha ndege ya moja kwa moja. Nakumbuka mlipotundika lile bango juu ya duka la dawa, likitazamana na dirisha ninaposhonea: mwanamke mwenye meno mengi amelalia mto, na chini yake maneno LALA HUKU, AMKA KULE. Nilicheka. Nikamwambia mke wangu hawa watu wamechanganyikiwa, mtu hawezi kuamka mahali ambapo hakulala. Ndugu Mkurugenzi, dada yangu ameweza.

Lalamiko la kwanza ni kwamba abiria wenu hachoki.

Zamani, ili dada afike kwetu, alipanda ndege tatu, na kati ya ya pili na ya tatu alilala kwenye benchi la chuma katika uwanja ambao hata jina lake hakuwa analijua. Alifika miguu imemvimba, sanduku moja limepotelea njiani, nywele zimelala upande, na hajui kama ni asubuhi au jioni. Ukimpa maji ya kunywa, anasema ahsante mara mbili. Ukimpa kitanda, analala mpaka unakwenda kumsikiliza kama anapumua, na akiamka anakuwa mtu mpole, mwenye huruma, anayesifia kila kitu mpaka mfagio. Tulimpenda sana. Alikuja mara moja katika miaka kadhaa, akakaa, akaondoka, na siku ya kumsindikiza tulilia machozi ya kweli, hata mke wangu.

Sasa anashuka kwenye ndege yenu akiwa amelala, amekula na amepiga mswaki. Mara ya kwanza nilikwenda kumpokea na gari la kuazima lenye nafasi kubwa nyuma. Nikaona mtu anatoka akivuta kibegi kama anayetoka kununua nyanya.

"Mizigo iko wapi?" nikamuuliza.

"Mizigo ya nini? Nimepita tu kuwaona."

Amepita tu. Kilomita elfu tisa, amepita tu. Kufika nyumbani, kabla hajakaa, alipitisha kidole juu ya friji. Akakitazama. Akamwonyesha mke wangu. Kabla jua halijazama alikuwa ametupa sufuria mbili, amehamisha kochi, amenipima presha, na kuniambia kwamba rangi ya macho yangu haimpendezi.

Tangu hapo amekuja mara nyingi kiasi kwamba mbwa wa jirani, ambaye mimi ninayeishi hapa bado ananibwekea, yeye anamtikisia mkia. Mke wangu ni mtu mwenye adabu zake. Juzi alisema maneno yafuatayo, ambayo nayanukuu kwa ruhusa yake: "Wifi yangu nampenda. Ila nilimpenda zaidi alipokuwa anabadilisha ndege."

Lalamiko la pili linahusu ukweli.

Huenda ninyi mnaoshinda angani hamjui, lakini familia iliyotawanyika haiishi kwa ukweli. Inaishi kwa simu. Aliye mbali anauliza, aliye karibu anajibu, na wote wanalala vizuri. Dada akiniuliza kama nimeacha sukari, namwambia nimeacha. Mimi nikimuuliza kama anakula, ananiambia anakula. Nani ameumia hapo? Umbali ule ulikuwa pazia zuri, na hili nalisema kitaalamu, pazia zito lenye bitana, linalofika sakafuni. Kila mtu alikuwa na heshima yake nyuma ya pazia. Ninyi mmekuja mkalivuta asubuhi na mapema, watu hawajavaa.

Mfano ni bafu la mama. Mama yangu ni mtu mzima, na miguu yake siku hizi humtii inapojisikia. Dada alisisitiza kwenye simu kwamba bafuni niweke bomba la kushikia, lile la kufungwa ukutani, na kapeti la mpira lisiloteleza. Nikamwambia tayari. Hapo sikudanganya, niliwahi tu. Bomba lilikuwepo. Nililichagua mwenyewe, zuri, la chuma kinachong'aa. Isipokuwa lilikuwa bado dukani.

Halafu mama akateleza.

Hakuvunjika, namshukuru Mungu. Aliangukia kiwiko na paja, akavimba, akabaki na alama ya zambarau pana kama sahani. Daktari alimgeuza huku na huku, akasema apumzike. Mimi na mke wangu tukakubaliana kwamba habari hii isimfikie dada mpaka alama iwe imepona, asije akapata wasiwasi kule aliko peke yake. Lakini binti yangu mdogo ana simu, na ana mdomo.

Hapa naomba unisikilize vizuri, Ndugu Mkurugenzi, maana ndipo ubaya wa shirika lako unapojitokeza wazi. Zamani, kwa ndege tatu na benchi la chuma, alama ile ingekuwa imefifia kabla dada hajamaliza kutafuta tiketi. Angefika akamkuta mama amekaa, anakunywa chai, na bomba limesimama ukutani kama lilizaliwa pale. Kwa ndege yenu, nilifungua mlango nichukue maziwa nikakuta mtu amekaa kizingitini juu ya kibegi. Alama ilikuwa mbichi. Bomba lilikuwa dukani.

Alinipita bila salamu. Alikwenda kwanza kwa mama, akamgusa paji la uso, akainua shuka, akalirudisha taratibu. Kisha akaenda bafuni na kusimama humo muda mrefu. Alipotoka aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, ile ambayo nadhani aliwatunzia wagonjwa mahututi:

"Bomba uliloniambia liko kwenye ukuta upi?"

Jibu nimelipata baadaye, na ndilo hili ninalokuandikia wewe: mngechelewa kidogo tu, ningekuwa mtoto mwema.

Lalamiko la tatu nimelifuta. Mke wangu alilisoma akasema linamhusu yeye kuliko linavyowahusu ninyi, na kwamba nikilituma nitalala karakanani.

Lalamiko la nne ni la kitaalamu, na hapa nadhani nimewashika.

Dada husahau kwetu lile gazeti lenu linalokaa mfukoni mwa kiti. Nyuma yake kuna ramani yenye mistari myekundu inayoonyesha mnakopita. Mstari wa kwenda mji wa dada haukunyooka. Umepinda juu kama nyusi ya mtu anayeshangaa. Nikajiuliza, kwa nini mtu mwenye mafuta ya kununua apindishe njia? Nikachukua tepu yangu ya kushonea, nikapanda juu kwa mpangaji mwenzetu, Mwalimu wa jiografia, ambaye ana ramani kubwa ya dunia ukutani. Nikapima mji kwa mji, mstari ulionyooka, nikazidisha kwa vipimo vilivyoandikwa pembeni. Nikapata kilomita elfu kumi na moja. Nikapima tena, maana fundi hupima mara mbili. Elfu kumi na moja. Ninyi mnasema elfu tisa, tena kwa njia iliyopinda. Sasa nyie wenzetu, mtu anapinda kona halafu anafika mapema? Hizo elfu mbili zimekwenda wapi, na nani amezila?

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akaleta chungwa na uzi, uzi wangu mwenyewe, akachomeka pini mbili kwenye chungwa, akaunganisha uzi na kuukaza. Kweli, uzi ulipanda juu, ukapita njia yake yenyewe. "Dunia ni hivi," akasema. "Ramani ni chungwa lililomenywa, ganda likalazimishwa kulala juu ya meza. Ukilipima limelala, litakudanganya."

Nilielewa. Nililila lile chungwa nikiwa nimeelewa. Lakini kabla ya kulila nilimuuliza swali moja: je, uzi ukivutwa upande wa pili, uzunguke nyuma ya chungwa, utafika kwenye pini ileile au hautafika? Mwalimu alifikiri kidogo akasema utafika, ila hakuna mtu mwenye akili timamu atakayepita huko. Nikamuuliza ni kilomita ngapi. Akapiga hesabu, akasema ni kama elfu thelathini na moja.

Ndugu Mkurugenzi, kilomita elfu thelathini na moja. Zipo. Ni halali. Zinaanzia uwanja uleule na kuishia uwanja uleule. Ninyi mnazijua, na kwa makusudi mnazikwepa, mkaamua kumleta dada yangu kwa njia ya mkato kama mtu anayekatiza kiwanja cha watu.

Lalamiko la tano nimekuwa nikilichelewesha. Dada anataka kumchukua mama.

Alilisema juzi mezani, vyombo vikiwa bado havijaondolewa. Wala hakupandisha sauti. "Mama anakwenda kukaa na mimi," alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Mama hatoki hapa," nikasema.

"Kwangu kuna lifti. Kuna bafu la maana. Na mimi ni muuguzi, wewe ni fundi wa mapazia."

"Kwako ni mbali."

"Mbali ilikuwa zamani. Ukimkumbuka unapanda ndege jioni, asubuhi uko kwangu. Ni usingizi mmoja tu."

Umesikia? Hayo ni maneno yenu. Yalishuka kwenye bango, yakavuka barabara, yakaja kukaa mezani kwangu bila kukaribishwa.

Nikamjibu, "Kama ni karibu hivyo, basi rudi wewe ukae hapa."

Nilidhani nimemshinda. Akainuka, akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo ambavyo mke wangu alikuwa amekwisha kuviosha. Nilimsikia akiviosha, anavifuta, anavirudisha kwenye maji. Mume wake yuko kule, chini ya jiwe ambalo yeye hulisugua kila Jumapili kwa brashi, na hilo nililikumbuka nikiwa nimekwisha kusema.

Aliporudi tuliendelea. Tulibishana juu ya chai ya mama, kama ni ya rangi au ya maziwa. Tulibishana juu ya dawa zake, mto wake, upande anaolalia, na kama anapenda dirisha wazi au limefungwa. Kila mmoja alidai anamjua zaidi. Mama mwenyewe alikuwa amekaa palepale, anakunja nguo za wajukuu zake. Mwishowe akasema bila kuinua macho, "Mimi si kabati."

Kisha tukaendelea, kwa sauti ya chini zaidi.

Naomba uelewe ni nini hasa kinachochukuliwa hapa. Kila asubuhi mama huja karakanani akakaa kwenye kiti chake nyuma ya cherehani yangu. Hashoni tena. Kazi yake ni kukohoa na kuniambia pazia limekwenda upande. Mimi husema halijaenda. Kisha nalipima, na limekwenda. Kuna wateja wanaokuja kuagiza pazia la dirisha moja, wakikaa na mama wanaondoka wameagiza ya nyumba nzima, na siri zao zote wamemwachia. Aliponizaa hakuniuliza kama nataka kuwa na mtu wa kunikoholea mgongoni maisha yangu yote. Lakini amenizoesha, na sasa watu wanataka kuniondolea kwa sababu kuna ndege ya jioni.

Umbali ndio uliokuwa unamlinda mama yangu nyumbani kwake. Hakuna mtoto, hata awe Mkaguzi, ambaye angempitisha mzee kwenye ndege tatu na benchi la chuma. Nisingelazimika hata kusema hapana. Ramani ingesema kwa niaba yangu. Sasa mmeniachia niseme mwenyewe, na dada yangu hajawahi kunisikiliza tangu tulipokuwa tunagombania upande wa kitanda.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba yafuatayo.

Kwanza, turudishiwe zile ndege tatu. Siombi starehe yoyote. Hata benchi lilelile litafaa, kama halijauzwa.

Ikiwa hilo haliwezekani, ndege yenu ipite upande wa pili wa chungwa, ule wa kilomita elfu thelathini na moja. Rubani atalalamika siku za mwanzo, atazoea.

Ikiwa mafuta hayatoshi, basi ije kwa njia yake ya kawaida, lakini ikishafika juu ya mji wetu izunguke, izunguke, mpaka mhudumu aliyefundishwa athibitishe kwamba abiria wa kiti cha dada yangu amechoka kiasi cha kusema ahsante mara mbili. Huyo mhudumu niko tayari kumfundisha mwenyewe.

Ikiwa anga lina msongamano, uhamisheni uwanja wa ndege. Sisemi uende mbali sana. Uende tu mahali ambapo kutoka hapo mpaka kwangu kuna milima miwili na mto usio na daraja.

Na ikiwa hata hilo litawashinda, basi rekebisheni bango. Lisomeke: LALA HUKU, AMKA KULE, LAKINI PIGA SIMU KWANZA. Herufi za nyongeza nitazishona mimi mwenyewe, kwa kitambaa kisichopauka.

Najua utaniuliza, na abiria wengine je? Wapo wafanyabiashara, wapo wanafunzi, wapo wagonjwa wanaofuata matibabu, wapo wapenzi waliotenganishwa. Nimewafikiria wote. Wafanyabiashara wamezoea hasara. Wanafunzi wakichelewa watapata muda wa kusoma. Wagonjwa waende, nao tu, kwa njia fupi, wakionyesha jeraha mlangoni. Na wapenzi, kwa uzoefu wangu, wakipunguziwa umbali hugombana. Waulize waliooana.

Nisalimie marubani wote, wale wa kushoto na wale wa kulia. Nisalimie wahudumu wanaosimama kwenye ujia wakionyesha milango kwa mikono miwili ilhali hakuna anayewatazama; mimi nikipanda siku moja nitawatazama. Msalimie yule mama wa kwenye mizani ya mizigo, ambaye nasikia hacheki. Wasalimie wanaofagia ndege, wanaopanga viti, na aliyechora ile nyusi kwenye ramani. Na kama mama yako mzazi yu hai, msalimie sana, umwambie fundi wa mapazia amemuulizia.

Ni mimi, niliyekuwa mbali nikafanywa jirani,

Fundi Mapazia.

Nyongeza, baada ya sahihi:

Barua hii ilichelewa, kwa sababu kabla ya kuifunga niliona nimsomee mke wangu aniambie kama kuna mahali nimezidisha. Nilisoma kwa sauti, kwa madaha, na kwenye baadhi ya sehemu nilisimama. Sikukumbuka kwamba kati ya karakana na chumba anacholala mama hakuna ukuta. Kuna pazia.

Kulipokucha mama alikuja akakaa, si kwenye kiti chake, bali mbele yangu, juu ya jora la kitambaa. Akaniuliza kama huyo Mkurugenzi ni mtu mwenye kazi zake. Nikasema nadhani anazo.

"Basi mwache afanye," akasema. "Nakwenda mimi."

"Mama, usikubali kupelekwa kwa kuogopa kelele zetu."

"Sipelekwi. Nakwenda. Ni mambo mawili hayo."

Nikamwambia kule ni mbali. Akanitazama. "Mbona jana ulikuwa unamlalamikia mtu kwamba ni karibu?"

Akaendelea, sasa kwa upole, kama anavyosema na wateja.

"Wewe nyumba yako imejaa. Una mke, una watoto, una watu wanaokugongea mlango mchana kutwa. Dada yako nikimpigia simu nasikia watu wanaongea nyuma yake. Mwanzoni nilifurahi, nikasema mwanangu ana wageni. Kumbe ni redio. Haizimi, hata akilala." Aliona uzi unaning'inia kwenye kazi yangu, akauvuta, akaukata kwa meno. "Ninyi mnadhani anakuja kukagua. Mtu mwenye watu kwake hapandi ndege usiku kuja kutazama sufuria za wenzake."

Amekwenda. Pale uwanjani alikataa kiti cha magurudumu, kisha akakikubali alipoona kinasukumwa na mtu mwenye sare. Dada alitembea pembeni yake, amebeba mkoba wa mama kwa mikono miwili kama kitu kinachoweza kumwagika. Hakunikumbusha presha, hakuniuliza juu ya sukari. Walipofika pale ambapo sisi wasindikizaji haturuhusiwi kupita, aligeuka, akarudi mbio na ule umri wake, akanikumbatia kwa nguvu, akaniambia shati langu lina doa.

Kwa sababu hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naomba yote yaliyo juu ya sahihi yahesabiwe kuwa hayakuandikwa. Nimefikiri upya. Kilomita elfu tisa ni nyingi mno, na sielewi mmewezaje kuishi nazo muda wote huo bila kuzipunguza. Sioni sababu ya ndege kukwepa mawingu; pasueni katikati. Sioni sababu ya kugawa juisi. Watu wanywe makwao. Kama kuna injini mpya inayokwenda haraka zaidi na inasubiri mtu wa kuikubali, mimi nimeikubali.

Jana mama alipiga simu. Nilimuuliza kama amekula, akasema amekula. Lakini nimezaliwa katika familia ile, najua tunavyojibu tukiwa kwenye simu. Naomba basi unijulishe, kwa haraka kadiri ofisi yako itakavyoweza, kama mnayo tiketi ya mtu asiyetaka kutembea mjini wala kuona chochote, anayetaka tu kwenda kukaa mezani amwangalie mama yake akila, kisha arudi kazini.